Toleo Moja, Matini Nne: Uhakiki wa Maandishi ya Itifaki ya HTTP

Itifaki ni mapatano ya lugha baina ya mashine zisizofahamiana. Ile ya HTTP, ambayo kwayo kivinjari huomba ukurasa na seva hujibu, ilizaliwa katika maabara ya CERN, Geneva, na maelezo ya awali ya Tim Berners-Lee ya mwaka 1991 yalikuwa mafupi mno: ombi lilikuwa mstari mmoja tu, wenye neno GET na anwani ya kile kinachotakiwa. Wakati huo toleo halikuwa na namba. Jina la HTTP/0.9 lilibandikwa baadaye, kama vile mtu aanzavyo kuitwa babu siku mjukuu azaliwapo.

Tangu Mei 1996 maelezo ya itifaki hiyo yamekuwa yakichapishwa katika mfululizo wa nyaraka uitwao RFC, ulioanza Aprili 1969 kwa waraka wa Steve Crocker. Kanuni kuu ya mfululizo huo yastahili kuwavutia wanafilolojia: waraka ukishachapishwa na kupewa namba, maudhui yake hayabadilishwi. Kosa likigunduliwa, huandikwa kando, katika orodha ya masahihisho. Mambo yakigeuka sana, hutungwa waraka mpya wenye namba mpya, utangazao kwamba umechukua nafasi ya ule wa zamani. Mtafiti aliyezoea kulinganisha miswada ambayo kila mnakili ameitia mkono wake hana budi kuona wivu, kwani hapa kila hatua ina tarehe, majina ya waandishi na matini kamili.

Hata hivyo, kanuni hiyo ina gharama isiyotajwa mara nyingi. Waraka wa kale haujui kwamba umekufa. Kwa kuwa maudhui yake hayaguswi, matini yake haibebi tangazo lolote la kufutwa. Tangazo limo katika fahirisi na katika waraka uliourithi. Auchukuaye peke yake ataona sheria kamili, iliyo na sauti ya amri, na hakuna kitakachomwonya.

Tatizo hilo lazidi kuwa zito katika toleo la 1.1. Jina hilo moja limefafanuliwa mara nne: katika RFC 2068 ya Januari 1997, katika RFC 2616 ya Juni 1999, katika nyaraka sita za Juni 2014, yaani RFC 7230 hadi 7235, na katika RFC 9112 ya Juni 2022, isomwayo pamoja na 9110 na 9111. Programu hujitambulisha kwa kuandika HTTP/1.1, lakini haisemi imefuata matini ipi kati ya hizo. Watetezi husema, nao wana haki kwa kiasi fulani, kwamba namba ya toleo hueleza umbo la ujumbe na uwezo wa anayeutuma, wala si kitabu alichokisoma. Lakini Mei 1997 ulilazimika kuchapishwa waraka mzima, RFC 2145, ili kueleza maana ya tarakimu mbili na nukta iliyo katikati yake.

Mfano ulio bora kuliko yote ni alama ya 302, ambayo kwayo seva humjulisha mteja kuwa kile anachokitafuta kimehamia kwingine kwa muda. Waraka wa 1996 haukumruhusu mteja kugeuza aina ya ombi lake anapoelekezwa upya, nao ulitaja kwamba baadhi ya programu hukosea kwa kugeuza POST kuwa GET. Mwaka 1999 wakosaji wamekuwa wengi wa programu zote. Waandishi wabuni alama ya 307 kwa ajili ya wale wanaotaka maana ya asili itunzwe. Mwaka 2014 sheria yasalimu amri: kwa sababu za kihistoria, mteja ana ruhusa ya kugeuza. Kosa limekuwa desturi, na desturi ikawa ruhusa, huku jina la toleo likibaki lile lile tangu 1997. Wanaisimu waujua mwendo huu, maana ndio mwendo wa lugha yoyote hai; lakini lugha hai haiahidi kwa maandishi kwamba haitabadilika. Hata jina la kichwa cha Referer, lililokosewa tahajia tangu mwanzo, limehifadhiwa na kosa lake katika kila waraka uliofuata, maana kulisahihisha kungevunja mazungumzo ya mashine zote zilizokwisha kulijifunza.

Dawa iliyopatikana ni ya kusifiwa, ingawa ilichelewa. Mwaka 2022 maana ilitenganishwa na umbo: RFC 9110 yaeleza semantiki iliyo ya pamoja kwa matoleo yote, kisha 9112, 9113 na 9114 zaeleza jinsi maana hiyo inavyovikwa umbo katika HTTP/1.1, HTTP/2 na HTTP/3. Sasa umbo laweza kupewa toleo jipya bila kuitikisa maana. Anayetunga programu, kwa upande wake, hulazimika kufungua nyaraka tatu pale ambapo mwaka 1999 alifungua mmoja.

Lililobaki ni ugumu wa vitenzi vya amri. RFC 2119 ya Machi 1997 iliyawekea mipaka maneno MUST, SHOULD na MAY, na RFC 8174 ya Mei 2017 ikaongeza kuwa yana maana hiyo yakiandikwa kwa herufi kubwa tu. La katikati ndilo dhaifu: humruhusu mtu kukiuka iwapo ana sababu na ameyapima matokeo. Kwa neno hilo waraka wa 1999 uliwataka wateja wasifungue zaidi ya miunganisho miwili ya kudumu kwa seva moja. Vivinjari vikavuka kiwango hicho, na mwaka 2014 idadi yenyewe ikaondolewa.

Atakayefasiri nyaraka hizi kwa Kiswahili atakuta mtego mwingine. «Si lazima itume» humpa mteja hiari, bali «lazima isitume» ni katazo. Kikanushi kikihama, sheria yapinduka. «Haipaswi kutuma» ni mbaya zaidi, kwa kuwa wengine huisikia kama katazo kamili na wengine kama ushauri tu. Nayo «yaweza kutuma» haitenganishi uwezo na ruhusa. Kwa ajili hiyo yafaa MUST NOT ifasiriwe kwa «ni marufuku», MAY kwa «ina ruhusa», na SHOULD kwa «yafaa, isipokuwa kwa sababu iliyopimwa», hata kama urefu wake utawachosha wapiga chapa.