Kuhesabu, Kisha Kuangalia Tena: Kerneli ya Linux na Uhai wa Faili

Mwanzoni mwa Desemba 2021, Linus Torvalds aliongeza mistari michache kwenye kerneli ya Linux, ndani ya faili la msimbo liitwalo fs/file.c. Kazi ya mistari hiyo ni kuangalia mara ya pili. Programu inapotaja namba ya faili ililolifungua, tuseme 5, kerneli husoma jedwali la programu hiyo, hukuta kielekezi cha faili husika, kisha huongeza moja kwenye hesabu ya wanaolitumia. Zamani ilikuwa ikiishia hapo. Tangu Desemba ile hurudi kwenye jedwali, nafasi ile ile ya 5, na kuhakikisha kwamba kielekezi ni kile kile. Kikiwa kimebadilika, huachia ilichokishika na kuanza upya.

Kwa msomaji mgeni huo ni uangalifu uliopitiliza. Faili limeshahesabiwa, litaponyoka vipi? Lakini lilikuwa likiponyoka kweli, na kosa hilo limeorodheshwa kwa namba CVE-2021-4083. Kisa chake kinaonyesha, kuliko maelezo mengi ya vitabuni, ugumu wa kujua ni lini kitu kilichomo ndani ya kerneli kimekufa.

Tabaka linalohusika huitwa VFS, mfumo pepe wa mafaili. Ndilo linaloiwezesha programu moja kusoma faili bila kujali kama liko kwenye diski ya ext4, kwenye flashi ya FAT au kwenye seva ya mbali. Wazo hilo halikuanzia Linux. Steve Kleiman wa Sun Microsystems alilieleza katika makala ya mwaka 1986, na hesabu ya watumiaji ilikuwa tayari imo. Ndani ya VFS ya Linux kuna vitu vitatu ambavyo mtumiaji wa kawaida huviita vyote faili. Inodi ndiyo faili lenyewe: ukubwa wake, ruhusa zake, mahali data ilipo. Dentri ni jina ndani ya saraka, linaloelekea kwenye inodi. Cha tatu ni rekodi ya ufunguaji, ambayo msimbo huiita struct file. Huzaliwa programu inapoita open, na hubeba mahali msomaji alipofikia. Kila kimoja kina hesabu yake, na sifuri ya kimoja haina maana sawa na sifuri ya kingine.

Wasimamizi wa seva huijua tofauti hiyo usiku wa manane. Diski imejaa. Logi kubwa kuliko zote inafutwa kwa rm, jina linatoweka kwenye saraka, lakini df inaendelea kusema diski imejaa huku du haioni chochote cha kuijaza. Kilichofutwa ni jina tu. Inodi ina hesabu mbili: moja ya majina yanayoielekea kwenye diski, nyingine ya wanaoishikilia kwenye kumbukumbu. Ya kwanza imefika sifuri. Ya pili bado, kwa sababu ile programu inayoandika logi haijalifunga faili. Amri ya lsof +L1 humfichua mshikaji, na ndani ya /proc/PID/fd jina lake huonekana likiwa limebandikwa neno «deleted». Programu ikiwashwa upya, rekodi ya ufunguaji inakufa, inodi inaachiwa, na gigabaiti zinarudi mara moja. Utaratibu huu si hitilafu. Programu nyingi hufungua faili la muda na kulifuta papo hapo makusudi, zikijua kwamba hata zikianguka ghafla, hakuna takataka itakayobaki kwenye diski.

Dentri nayo ina desturi yake. Hesabu yake ikifika sifuri haifi. Huwekwa kwenye foleni ya zisizotumika na kusubiri, kwa kuwa jina lililotafutwa leo huenda likatafutwa tena baada ya sekunde moja. Kerneli huhifadhi hata dentri hasi, yaani kumbukumbu kwamba jina fulani halipo, ili isiisumbue diski kwa swali ambalo jibu lake linajulikana. Kumbukumbu ikibana ndipo foleni hiyo hupunguzwa.

Rekodi ya ufunguaji haina anasa hiyo. Ikifika sifuri imekwisha, na mazishi yake yana kazi nyingi: kuachia makufuli ya faili, kuuarifu mfumo wa mafaili, kuachia dentri na sehemu ya kupachikia diski. Zamani kazi hiyo yote ilifanyika pale pale aliyeshika mwisho alipoachia, hata kama wakati huo alikuwa ameshikilia makufuli mengine ya kerneli, na hapo kukwamana kulikuwa jirani. Mwaka 2012, katika toleo la 3.6, Al Viro, msimamizi wa VFS, aliihamishia kazi hiyo kwenye dakika ambayo mchakato unarudi kwenye msimbo wa mtumiaji, mikono ikiwa mitupu. Ni uamuzi ambao haukupigiwa kelele nyingi, lakini hadi leo unazuia aina nzima ya ajali.

Ugumu wenyewe unaanza pale kasi inapodaiwa. Seva yenye nyuzi nyingi, yaani mikondo ya kazi inayoendeshwa sambamba, husoma jedwali la mafaili mamilioni ya mara, na kuweka kufuli kwa kila usomaji kungezipanga nyuzi zote mstari mmoja. Linux hutumia RCU, mbinu iliyoingizwa kwenye kerneli mwaka 2002 na inayohusishwa zaidi na Paul McKenney. Msomaji hafungi kufuli lolote; anayetaka kuharibu kitu ndiye hungoja hadi wasomaji wote waliokuwepo wamalize. Kwa hiyo, kabla ya toleo la 6.7, kielekezi kilichosomwa kwenye jedwali hakikuweza kuelekea kwenye kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Kilichobaki kilikuwa kuongeza hesabu, kwa sharti moja: isiwe imefika sifuri. Ikiwa sifuri, faili liko njiani kuzikwa na halifufuliwi.

Kwa miaka mingi sharti hilo lilionekana kutosha, na lingetosha kama hesabu ingekuwa ndiyo hakimu pekee wa kifo. Kulikuwa na hakimu mwingine.

Soketi za Unix huruhusu mchakato mmoja kumtumia mwenzake faili lililofunguliwa, likiwa ndani ya ujumbe. Huduma nyingi za kila siku zinategemea uwezo huo. Lakini soketi yenyewe ni faili, kwa hiyo inaweza kutumwa ndani ya soketi, hata kupitia yenyewe. Mchakato ukifanya hivyo kisha ukafunga namba yake, soketi inabaki ikijishikilia: hesabu yake ni moja, na hiyo moja imo ndani ya ujumbe ambao hakuna atakayeusoma kamwe. Haitafika sifuri milele. Ndiyo maana kerneli ina mzoataka wa soketi hizo. Kanuni yake ya asili ilikuwa rahisi: kwa kila soketi iliyo safarini, linganisha hesabu yote ya faili na idadi ya ujumbe unaolibeba. Zikilingana, hakuna aliye nje anayelishika. Kama hakuna pia njia ya kulifikia kutoka kwenye soketi iliyo hai, ni taka.

Kanuni hiyo inaamini kwamba hesabu haitapanda nyuma ya mgongo wa mzoataka. Mwaka 2021 imani hiyo ilivunjwa mara mbili.

Mara ya kwanza mlango ulikuwa MSG_PEEK, njia ya kuchungulia ujumbe bila kuuondoa kwenye foleni. Anayechungulia hupata nakala ya mafaili yaliyomo, hivyo hesabu hupanda mzoataka akiwa katikati ya kazi, akiwa ameshaamua. Matokeo ni kumbukumbu kutumika baada ya kurudishwa, na kosa hilo, CVE-2021-0920, halikubaki kwenye makaratasi: lilitumiwa kweli kuwashambulia watumiaji wa Android. Android ina kerneli ya Linux ndani yake, kwa hiyo habari hizi za vihesabio zilihusu pia simu zilizomo mifukoni mwa wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa. Tiba aliyoiandika Miklos Szeredi inastahili kutazamwa kwa karibu. Baada ya kuongeza hesabu, mchunguliaji hufunga kufuli la mzoataka, na mstari unaofuata hulifungua. Katikati hakuna kitu. Kufuli tupu kama hilo humlazimisha mchunguliaji kungoja: kama mzoataka yuko kazini, nakala haitamfikia mtumiaji hadi amalize kupanga nani hai na nani taka.

Mara ya pili ndiyo ile ya Desemba. Jann Horn wa Google aliona kwamba hata bila MSG_PEEK, usomaji wa kawaida wa jedwali una mwanya. Uzi A unasoma nafasi ya 5 na kupata kielekezi, lakini haujaongeza hesabu. Uzi B, unaoshiriki nao jedwali moja, unafunga namba 5. Sasa soketi imebaki ndani ya ujumbe tu. Hesabu ni moja, ujumbe ni mmoja, na mzoataka anatoa hukumu. Ndipo uzi A unapoongeza. Hesabu ni moja, si sifuri, kwa hiyo sharti limetimia na A anaondoka na faili ambalo foleni yake inamwagwa wakati huo huo.

Kurudi kwenye jedwali kunaziba mwanya huo. Kama baada ya kuongeza hesabu kielekezi bado kipo kwenye nafasi ya 5, basi jedwali lilikuwa likilishika faili wakati wote huo, na mzoataka asingeweza kuona hesabu zikilingana. Kama hakipo, A hana uthibitisho wowote, na anaachia. Kipimo cha kasi kiitwacho poll2 kilionyesha baada ya muda si mrefu kwamba ukaguzi huo una gharama inayopimika, na Torvalds akaiandika upya sehemu hiyo siku chache baadaye ili wepesi urudi.

Kipande kilichowekwa kuziba tundu kikageuka nguzo. Hadi wakati huo, kila rekodi ya ufunguaji iliyokufa ilingoja RCU kabla kumbukumbu yake haijatumika tena. Kwa programu zinazofungua na kufunga mafaili kwa wingi, hilo lilimaanisha milolongo ya maiti zinazosubiri, na kumbukumbu iliyokuwa moto kwenye kache ya prosesa inapoa kabla ya kugawiwa upya. Katika toleo la 6.7, lililotoka Januari 2024, Christian Brauner aliondoa kungoja huko. Kumbukumbu ya rekodi iliyokufa sasa inaweza kugawiwa papo hapo, kwa ahadi moja tu: wakati msomaji wa RCU anaitazama, itabaki kuwa kumbukumbu ya struct file, haitageuzwa kitu kingine.

Ni kama chumba cha gesti. Anayebisha hodi namba 7 ana hakika atakuta chumba, lakini mgeni wa jana huenda ameondoka na mwingine ameingia. Msomaji wa jedwali anaweza kuongeza hesabu kwenye kumbukumbu ambayo, ndani ya chembe ya sekunde, imekuwa faili la mchakato mwingine kabisa. Sharti la sifuri halimwokoi, kwa kuwa faili jipya li hai. Kinachomwokoa ni kurudi kwenye jedwali. Ndiyo maana katika 6.7 kitendo cha get_file_rcu hakipokei tena kielekezi cha faili. Hupokea anwani ya nafasi ambamo kielekezi kinakaa. Mwandishi wa msimbo hawezi kusahau kuangalia mara ya pili, kwa sababu umbo la kitendo chenyewe linamlazimisha. Hilo ndilo badiliko bora kuliko yote katika mkasa huu: kanuni iliyokuwa ikitunzwa kichwani mwa wachache imehamia mahali ambapo msimbo hauwezi kuikwepa.

Brauner aliendelea. Toleo la 6.13, la Januari 2025, lilileta kihesabio kipya cha mafaili kilichofuata wazo la Thomas Gleixner. Kile cha zamani kilisoma hesabu, kikathibitisha si sifuri, kikajaribu kuandika, na kikarudia kila kilipotanguliwa na uzi mwingine. Kipya huongeza bila kuuliza, kisha hutazama matokeo yameangukia wapi. Thamani 0 ndani yake ni mshikaji mmoja, na eneo pana la namba za juu limetengwa kwa ajili ya wafu, ili ongezeko la bahati mbaya lisimtoe mfu upande wa walio hai.

Mzoataka naye hakuachwa. Katika toleo la 6.10 la mwaka 2024, Kuniyuki Iwashima aliziandika upya kanuni zake juu ya algoriti ya Robert Tarjan ya mwaka 1972, ile ya kutafuta mafungu ya vitu vinavyoshikana kwa mzunguko. Ramani ya nani kambeba nani hujengwa ujumbe unapotumwa, na kazi ya kukisia upya kila mara imepungua sana.

Dentri na inodi bado zinangoja RCU kabla kumbukumbu yake haijarudishwa. Anayefuata njia ndefu kama /usr/share/doc hupita juu ya dentri kadhaa bila kuongeza hesabu ya hata moja, akisoma majina yake na kutegemea namba za mfuatano kugundua kama kuna kilichobadilika chini yake. Njia hiyo iliingizwa na Nick Piggin katika toleo la 2.6.38 la mwaka 2011. Inataka kumbukumbu itulie hadi mpita njia amalize, na hapo Brauner na wenzake hawajagusa.