Mfasiri Mlangoni mwa Folda

Unafungua folda, faili zimo. Unasoma moja, unaisahihisha, unaifunga. Kumbe haziko kwenye kompyuta yako hata kidogo. Ziko kwenye mashine nyingine ng'ambo ya mtandao. Kuzileta zikawa kama ziko mkononi ni ufundi, na hakuna waliouonyesha kwa uzuri unaonigusa kama wajenzi wa mfumo wa GNU Hurd, walioanza kazi mwaka 1990.

Katika ukoo wa Unix, kupachika faili za mtandaoni ilizoeleka kuwa kazi ya kiini cha mfumo, penye mamlaka yote. Asiye msimamizi mkuu alibaki kuomba ruhusa. Tena kosa moja kiinini laweza kuangusha mashine nzima. Hurd ikaitoa kazi hiyo humo, ikazikabidhi programu za kawaida zinazoitwa wafasiri, na mtumiaji yeyote aweza kumweka mfasiri juu ya faili au folda yake mwenyewe.

Programu ikiomba kusoma, kiini hupitisha ujumbe tu. Mfasiri ndiye aupokeaye, akaugeuza kuwa lugha ya seva ya mbali, iwe NFS au FTP, kisha akarudi na jibu. Aliyeomba hajui safari hiyo.

Napenda zaidi amri ya settrans, ndiyo imwekayo mfasiri mahali pake. Ukiitumia kwa namna yake ya kawaida, haiwashi kitu: huandika diskini, penye folda ile, jina la mfasiri na maelekezo yake, basi. Mashine izimwe, iwashwe, mfasiri angali amelala. Siku mtu aigusapo folda, ndipo anaamka.

Linux nayo ilipata njia yake ya kuzipa programu za kawaida kazi hiyo, FUSE, iliyoingia kwenye toleo la 2.6.14 mwaka 2005. Kwa njia hiyo niliandika seva yangu ndogo ya kwanza ya faili. Majina ya faili yakajitokeza yote, nikafurahi. Nilipozisoma faili zenyewe, zote tupu, wala hakuna onyo. Nilitafuta usiku kucha. Nilikuwa nimejibu kwamba kila faili ina baiti 0, na kiini kikanisadiki, hakikuniomba hata herufi moja. Seva ilianguka mara nyingi usiku ule. Kila mara nilibandua folda kwa fusermount -u, nikawasha seva tena, na kompyuta ikaendelea na shughuli zake.