Mvua Bila Mto: Uhakiki wa Lugha ya Tahadhari za Mafuriko kutoka Lyamkena hadi Rufiji

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha ya tahadhari za mvua kubwa zinazotolewa kwa Kiswahili na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Matini hizo zinasomwa kwa nafasi ya msikilizaji aliyeko Lyamkena, Makambako, kisha mkondo wa maji unafuatwa hadi Rufiji. Uchanganuzi unaonesha mambo matatu: neno tahadhari limebebeshwa kazi tatu kwa wakati mmoja, neno wastani linatumika kwa maana mbili zisizolingana, na orodha ya mikoa inauficha mto. Makala inahitimisha kuwa udhaifu wa matini hizi hauko katika ukweli wa utabiri. Uko katika sarufi inayoutaja mwamvuli wa mawingu bila kumtaja mtu aliye chini yake wala mto unaomwendea.

1.0 Utangulizi

Mwezi Aprili 2024 maji ya Mto Rufiji yalifunika makazi na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Tarehe 25 mwezi huo, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 nchini na kuathiri watu zaidi ya 200,000. Maafa hayo hayakutokea katika ukimya. Tangu Agosti 2023, TMA ilikuwa imetangaza kuwapo kwa El Niño na matarajio ya mvua za juu ya wastani katika maeneo mengi yanayopata vuli, na katika miezi iliyofuata taarifa za mvua kubwa zilitolewa mara kwa mara. Maneno yalikuwapo. Swali linalobaki kwa mhakiki ni maneno ya namna gani.

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia ushairi, riwaya na tamthilia. Taarifa ya hali ya hewa huachiwa wanasayansi, kana kwamba lugha yake ni chombo kisicho na umbo. Hata hivyo, taarifa hii ni nathari ya Kiswahili inayosikika kila siku, yenye fomula zake, msamiati wake na hadhira yake. Aidha, ni nathari ambayo kusomwa vibaya kwake kuna gharama. J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alitumia tendo la kuonya kama mfano wa usemi ambao haukamiliki kwa kutamkwa tu: msemaji hawezi kudai kuwa ameonya iwapo msikilizaji hakusikia na hakuelewa kuwa anaonywa. Kwa kigezo hicho, tahadhari ya mafuriko inapaswa kupimwa pale inapopokelewa, si pale inapotolewa.

Lyamkena, kata iliyomo katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe, imechaguliwa hapa kama mahali pa kusomea. Iko katika nyanda za juu, mbali na mito mipana ambayo kwa kawaida huja akilini neno mafuriko linapotajwa. Mkoa wake hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na jina la Njombe husikika katika taarifa za mvua kubwa pamoja na mikoa ya Iringa, Mbeya na Songwe. Msikilizaji wa hapo ni mtihani mzuri wa matini: anatajwa, lakini je, anaambiwa nini?

2.0 Tahadhari inayomwagiza mtu achukue tahadhari

Taarifa za TMA zimepangwa kwa ngazi: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Katika ramani, ngazi hizo huoneshwa kwa rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Mpango huo unaeleweka kwa anayeitazama ramani. Taarifa hiyohiyo inaposomwa redioni, rangi hupotea na kinachobaki ni maneno matatu ambayo katika matumizi ya kawaida hayana ngazi. Katika mikutano na vitabu, angalizo ni dokezo la kumkumbusha mtu jambo asilisahau. Tahadhari, neno lenye asili ya Kiarabu, ni hali ya kujihadhari, na papo hapo ni kitenzi. Hakuna kitu katika maneno yenyewe kinachomwambia msikilizaji kuwa la kwanza ni dogo kuliko la pili; ni kivumishi kubwa pekee kinachopanga ngazi ya tatu juu ya ya pili.

Tatizo zito zaidi ni mzunguko. Neno tahadhari linataja matini yenyewe (tahadhari imetolewa), linataja kiwango cha hatari (ngazi ya pili), na linataja kitendo kinachotarajiwa (wananchi wachukue tahadhari). Matokeo yake ni kwamba tahadhari hutolewa ili watu wachukue tahadhari. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi lakini haina mlango wa kutokea. Mkulima wa Lyamkena anayeuliza afanye nini anarudishiwa neno alilolisikia mwanzo.

Inafaa pia kuona neno ambalo halikuchaguliwa. Onyo linatokana na kitenzi onya, nacho ni kauli ya kusababisha ya ona. Kwa asili, kuonya ni kumfanya mtu aone. Kwa maana hiyo, hakuna neno linaloifaa zaidi kazi ya kumwonesha mtu maji ambayo hajayaona. Lakini katika lugha ya ofisi, onyo limeegemea upande wa nidhamu: kuna onyo kali, onyo la mwisho na barua ya onyo. Anayepewa onyo ni mkosaji. Kwa hiyo kulikwepa neno hili kuna busara yake, ila kumekuja na hasara: msamiati uliobaki unamtaka msikilizaji awe mwangalifu bila kumfanya aone.

3.0 Wastani mbili

Neno la pili linalostahili kuchunguzwa ni wastani. Katika mwelekeo wa mvua za msimu, wastani ni kipimo cha kitakwimu: mvua za wastani ni zile zinazokaribiana na kiasi kilichozoeleka mahali hapo kwa miaka mingi, na mvua za juu ya wastani ni zaidi ya hapo. Katika tahadhari za siku chache, neno hilohilo linataja daraja la katikati: uwezekano wa kutokea huweza kuwa wa wastani, na kiwango cha athari nacho kikawa cha wastani.

Msikilizaji aliyefundishwa na mwelekeo wa msimu kuwa wastani ni hali ya kawaida ana haki ya kuelewa kuwa athari za wastani ni athari za kawaida, yaani zisizo za kuhofiwa. Lakini daraja hilo la katikati linaweza kuhusisha nyumba kuzingirwa na maji na barabara kukatika. Hapa hakuna uongo wala uzembe; kuna istilahi moja iliyohamishwa kutoka kwenye kipimo kimoja hadi kingine bila kubadilishwa vazi. Wanaistilahi wa Kiswahili wamesisitiza kwa muda mrefu kuwa istilahi moja ibebe dhana moja. Katika matini za maafa, kanuni hiyo si suala la unadhifu wa kamusi tu.

4.0 Kitenzi kisicho na nafsi

Kitenzi cha Kiswahili kinapokuwa na kiambishi cha nafsi na cha njeo, humtaka msemaji aseme nani anatenda na lini. Umbo linalomruhusu kuyakwepa yote mawili ni kitenzi-jina, na ndilo linalotawala sehemu ya athari katika taarifa hizi: makazi kuzungukwa na maji, usafiri kucheleweshwa, shughuli za kiuchumi kuathirika. Ukiongeza kauli ya kutendwa inayoifungua taarifa (limetolewa, imetolewa) na virejeshi vya uwezekano (zinazoweza kujitokeza), matini inakuwa na matukio mengi lakini haina mtu. Makazi yanazungukwa; hakuna anayezungukwa. Usafiri unacheleweshwa, hakuna msafiri aliyekwama njiani kati ya Makambako na Njombe.

Ukosefu huo wa mtu unaonekana vizuri zaidi katika neno bonde. Tangu mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, ambapo waathirika wa Bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, maneno wakazi wa mabondeni yamezoeleka katika kauli za viongozi kama jina la kundi la watu wanaopaswa kuhama. Katika nyanda za juu kusini, bonde lina maana nyingine. Ndiko viliko vinyungu, bustani za bondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi kwa kutegemea unyevu uliobaki ardhini, na ambazo huchangia chakula na fedha za kaya kabla ya mavuno ya mahindi. Mwenye kinyungu haishi bondeni. Analima bondeni na kulala mlimani. Akisikia wakazi wa mabondeni wakitahadharishwa, hajioni, ilhali mazao yake yako pale pale maji yatakapopita mvua za kwanza zikiwa kubwa.

5.0 Mkoa na mto

Hoja iliyo kuu zaidi inahusu mahali. Tahadhari hutaja baadhi ya maeneo ya mikoa iliyoorodheshwa. Mkoa ni mpaka wa utawala, na kwa mvua inayoanguka kutoka juu mpaka huo unaweza kutosha. Kwa mafuriko ya mto hautoshi, kwa kuwa maji yakishafika ardhini hayafuati orodha hiyo.

Mkoa wa Njombe ni mfano ulio wazi. Sehemu ya maji yake hushukia Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, ambao hupita Mtera na Kidatu. Sehemu nyingine hubebwa na Mto Ruhuji hadi Bonde la Kilombero. Njia hizo mbili, ambazo nyandani zinaelekea pande tofauti, hukutana tena katika Mto Rufiji. Kwa hiyo mvua iliyotajwa chini ya jina la Njombe inaweza kuwa sehemu ya mafuriko yatakayoonekana siku nyingi baadaye katika mkoa wa Pwani, chini ya anga jeupe. Msikilizaji wa Utete anayesubiri kusikia jina la mkoa wake anasubiri habari isiyo sahihi kwake. Habari yake ilishasomwa, lakini ilikuwa na jina la watu wengine.

Methali nazo zinatoa mwanga hapa, kwa kuwa ndizo utanzu mkongwe wa kuonya katika Kiswahili. Dalili ya mvua ni mawingu inamfundisha mtu kusoma anga lililo juu yake. Ni hekima inayomfaa mtu wa Lyamkena, ambako kijito hujaa saa chache baada ya wingu kupasuka. Inampotosha mtu wa Rufiji, ambaye mawingu yake yako mamia ya kilomita mbali. Kwa huyo, methali inayofaa ni maji hufuata mkondo. Taarifa rasmi, pamoja na mitambo yake ya kisasa, imebaki katika methali ya kwanza: inasoma wingu na kuishia hapo.

Mkondo huo haubebi hatari pekee. Huko Rufiji kilimo cha mlau hufanyika katika ardhi iliyoachwa na maji yanapopungua, kama vile vinyungu vya Njombe vinavyotegemea unyevu wa bondeni. Wakulima wa ncha zote mbili za mto wanayajua maji kama mgeni anayeleta na kuchukua. Serikali ilipowahamishia wakazi wa bonde la Rufiji katika vijiji vya nyanda za juu kidogo kufuatia mafuriko ya 1968, wengi waliendelea kuyategemea mashamba ya bondeni. Matini inayosema hama bila kusema lini, kwa muda gani na shamba libaki na nani, inazungumza na mtu asiyekuwapo.

6.0 Pingamizi na hitimisho

Inaweza kujibiwa kuwa lugha isiyo na nafsi ndiyo lugha ya uaminifu. Mtabiri anafahamu uwezekano, si uhakika. Akisema mto utafurika na usifurike, atapoteza imani ya watu. Hoja hii ina uzito. Pia ni haki kukiri kuwa kuongezwa kwa sehemu ya athari katika taarifa ni hatua kubwa, kwa sababu mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24 ni tarakimu tu hadi pale inapoelezwa itakachofanya. Lakini kusema kwa uwezekano hakulazimishi kusema bila mtu. Kiswahili kinaweza kubeba vyote viwili: huenda kijito kikajaa usiku huu, wenye vinyungu, vuneni leo kilichokomaa, msivuke maji msiyoona chini yake. Sentensi hiyo haina uhakika zaidi ya taarifa ya sasa, ila ina mtu, wakati na kitendo.

Yako mambo matatu yanayofuata kutokana na uchanganuzi huu. Kwanza, neno tahadhari libakishwe kwa kazi moja, na kitendo kinachotakiwa kitajwe kwa kitenzi chake: hameni, vuneni, msivuke. Pili, wastani wa kitakwimu utenganishwe na daraja la katikati, ambalo linaweza kuitwa la kati. Tatu, orodha ya mikoa iambatane na jina la mto na mahali unakoelekea. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, tayari imeundwa kwa kufuata mipaka ya maji badala ya ile ya utawala. Jiografia inayohitajika ipo, inangoja kuingia katika sentensi.

Baada ya kila maafa husikika kauli kwamba wananchi walitahadharishwa. Kauli hiyo inafuata mantiki ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu: lawama inamwendea msikilizaji. Uhakiki wa matini unaonesha kuwa kabla ya kumuuliza mkazi wa Lyamkena au wa Utete kwa nini hakusikia, inapasa kuisoma tena taarifa yenyewe na kutafuta ni wapi alipotajwa.