Majasusi Wasio na Majina: Ufundi wa Rogue One

Filamu ya kwanza ya Star Wars ilipotoka Mei 1977, ilianza na maandishi ya manjano yanayopanda taratibu angani. Humo mlikuwa na habari ya kupita tu: majasusi wa Waasi wamefanikiwa kuiba michoro ya Death Star, kituo cha kivita chenye uwezo wa kuangamiza sayari nzima. Majasusi hao hawakutajwa majina wala hatukuonyeshwa wizi wenyewe. Desemba 2016, yaani miaka 39 baadaye, Rogue One ikaja kusimulia kisa hicho. Wazo lilitoka kwa John Knoll, fundi mkongwe wa picha za kubuni katika Industrial Light & Magic, na mwongozaji akawa Gareth Edwards.

Mimi ni mpenzi wa hadithi hizi, na kila inapotangazwa filamu mpya huwa najiuliza jambo moja: itaiongezea uzito ile ya zamani, au itaipunguzia? Kwa kipimo hicho, Rogue One ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko zote zilizofuata.

Chukua lile tundu. Mwaka 1977 Death Star ililipuliwa kwa makombora yaliyopenya kwenye tundu la kutolea joto lenye upana wa mita mbili tu. Kwa miongo kadhaa watazamaji waliuliza: dola yenye mali na wahandisi kiasi kile ilikosaje kuliona? Wengi walikwishaamua kwamba mwandishi alitaka tu kumaliza hadithi yake. Rogue One ikamleta Galen Erso, mhandisi aliyelazimishwa kuitumikia dola iliyomuulia mke. Kwa siri anapanda udhaifu katika mtambo wa nishati, ili mlipuko mmoja mahali panapofaa uteketeze kituo kizima, kisha anatafuta njia ya kumfikishia binti yake, Jyn, habari hiyo. Kilichoonekana uzembe wa mwandishi sasa ni kisasi cha baba, kilichofichwa miaka mingi mbele ya macho ya adui. Na hakuna picha hata moja ya 1977 iliyoguswa.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo. George Lucas mwenyewe, mwaka 1997, alizirudia filamu zake tatu za mwanzo na kuzibadilisha hapa na pale. Waliotengeneza Rogue One hawakujipa ruhusa hiyo. Walikuwa kama fundi cherehani aliyepewa kanzu iliyokwisha kuvaliwa, akaambiwa aongeze kitambaa bila mkasi kugusa kanzu yenyewe.

Tazama kwa makini vita vya Scarif, sayari ambako michoro inaibwa. Miongoni mwa marubani wa Waasi wamo kiongozi wa kikosi chekundu na yule wa kikosi cha dhahabu, na nyuso zao ni zilezile za 1977: Drewe Henley na Angus MacInnes. Picha zao zilipigwa wakati wa filamu ya kwanza, hazikutumika, zikabaki kwenye hifadhi. Mafundi wakazitoa, wakaziunganisha na vita vipya. Mpiga picha, Greig Fraser, alikuwa amefunga lenzi za zamani za Ultra Panavision 70 kwenye kamera ya kidijitali, kwa hiyo mwanga wa filamu nzima una ulaini wa sinema za enzi zile. Kisha, katikati ya vita, rubani anayeitwa Red Five anatunguliwa. Hakuna mhusika anayesimama kutueleza maana yake. Aliyeitazama filamu ya 1977 anajua kwamba siku chache baadaye namba hiyo atapewa Luke Skywalker, kwani mwenyewe hayupo tena.

Mwisho nao ulikwishaamuliwa. Jyn Erso, jasusi Cassian Andor na wenzao hawaonekani popote katika filamu ya 1977, na Rogue One ikalikubali jambo hilo hadi mwisho: wote wanakufa. Filamu nyingi za biashara zingewatafutia mlango wa kutokea. Hii iliwaacha wafe, na ile habari ya kupita ya maandishi ya manjano ikapata damu na jasho.

Si kila kiungo kilikaa sawa. Peter Cushing, aliyeigiza Tarkin, mkuu wa Death Star, katika filamu ya 1977, alifariki 1994. Uso wake ulitengenezwa kwa kompyuta juu ya mwigizaji Guy Henry, na jicho bado linausitia. Linganisha na Mon Mothma, kiongozi wa Waasi. Genevieve O'Reilly alichaguliwa kuigiza nafasi hiyo katika Revenge of the Sith ya 2005, lakini sehemu zake karibu zote zikakatwa. Rogue One ilimrudisha, na mtu halisi akafanya kile ambacho mashine ilishindwa.

Ninachorudia kukitazama zaidi ni mazungumzo ya Binti Mfalme Leia, mmoja wa Waasi, na Darth Vader, mtumishi wa dola, mwanzoni mwa filamu ya 1977, anapodai kwamba yuko katika safari ya kidiplomasia. Zamani uongo ule ulionekana wa kawaida. Leo, baada ya Rogue One, tunajua Vader aliiona meli ya Leia kwa macho yake ikichomoka kutoka vita vya Scarif. Wapo wanaosema hilo ni kosa la mwendelezo. Mimi naona ushujaa: msichana wa miaka 19 anamkazia macho muuaji na kumwambia uongo ambao wote wawili wanaujua, huku michoro ikiwa imekwishatoka melini.

Tony Gilroy, mmoja wa waandishi wa Rogue One, baadaye alibuni mfululizo wa Andor, vipindi 24 vya 2022 na 2025, unaokoma Cassian anapoanza safari ambamo tunakutana naye kwa mara ya kwanza katika Rogue One. Mara hii ni Rogue One yenyewe iliyopata uzito kutoka kwa kazi iliyoifuata.

Filamu mpya zitaendelea kuja, na mapengo bado yamejaa katika hadithi hii. Ninachowaombea watengenezaji wake ni wavumilie kuitazama kazi ya zamani mpaka wajue ni pengo lipi lina mtu ndani yake. Swali la tundu la mita mbili lingeweza kujibiwa kwa maelezo ya kihandisi. Lilijibiwa kwa baba na binti yake, na ndiyo maana jibu limedumu.