Kelele za Mlango

Kelele za mlango haziniwasi usingizi, walisema wahenga. Mlango wao ulikuwa wa nyumba. Wangepewa mlango wa kushoto wa Toyota IST ya mwaka 2004, gari lililokwisha kupita mikononi mwa watu watatu kabla yangu, methali hiyo isingetungwa.

Wangu ulikuwa ukilia tetetete kila tulipokanyaga rasta, vile vituta vidogo vya barabarani. Kwenye lami laini kimya, kwenye tuta kubwa kimya, lakini rasta, au barabara ya vumbi yenye mawimbimawimbi, ungedhani kuna mtu anatetemeka kwa homa ndani ya bodi. Nilipeleka gari gereji. Fundi alizunguka nalo mara moja, akazima injini, akaniambia, “Bosi, gari halina tatizo. Wewe ongeza redio tu.” Simlaumu. Gereji inaishi kwa breki, bushi na kumwaga oili. Hakuna mteja atakayekubali kulipia saa tatu za mtu aliyekaa kimya akisikiliza. Kwa hiyo kazi hii imebaki kuwa ya mwenye gari, na kwa sababu hiyohiyo naipenda.

Kazi yenyewe huanza na sikio, na sikio ndani ya gari ni shahidi wa uongo. Sauti ya kushoto hulifikia sikio la kushoto mapema kidogo kuliko la kulia, tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa tofauti hiyo ubongo huamua pa kugeuka. Uwanjani mbinu hiyo haikosei sana. Garini sauti inagonga kioo cha mbele, inarudi, inagonga kioo cha pembeni, inakufikia kutoka pande nne. Mimi nilikuwa tayari kuapa kwamba kelele inatoka kwenye dashibodi. Nikashusha droo, nikakaza kila skrubu niliyoiona, nikaokota sarafu ya mia mbili na kifuniko cha kalamu. (Nyaya za njano sikuzigusa, nawe usiziguse: hizo ni za mifuko ya hewa.) Kesho yake, rasta ya kwanza: tetetete.

Halafu kuna kugonga na kuna kulia, na asiyevitofautisha atapoteza Jumamosi nyingi. Kinachogonga kimelegea, kinapiga kingine kila gari linapotikisika, na dawa yake ni kukikaza au kukiwekea mto. Kinacholia kwiikwii hakijalegea hata kidogo. Ni plastiki mbili zilizobanana: zinashikana, zinaachiana, zinashikana tena, mara nyingi sana kwa sekunde, kama uta unavyopita juu ya uzi wa zeze la Wagogo. Hizo ukizikaza umeongeza muziki. Zinataka kutenganishwa kwa kipande chembamba cha kitambaa. Na jua nalo lina neno lake: polipropilini tupu yenye urefu wa mita moja, ikiongezewa joto la nyuzi 30, hurefuka milimita 3 hivi, wakati chuma cha urefu huohuo hakifikishi hata nusu milimita. Ndiyo maana gari linalolia alfajiri huweza kunyamaza adhuhuri, mbele ya fundi, likakuumbua.

Jumamosi moja nikamwomba mpwa wangu aendeshe. Kwanza tulitoa kila kitu: jeki, spana ya magurudumu, chupa za maji, hata mwavuli chini ya kiti, maana nusu ya kelele za magari ni mizigo tuliyoisahau. Kisha nikakaa nyuma, madirisha yamefungwa, feni imezimwa, kiganja changu kikitembea juu ya plastiki moja baada ya nyingine. Kiganja hakidanganyiki kama sikio. Ukibonyeza mahali kelele ikakatika, ukaachia ikarudi, umekaribia. Tulipita rasta zilezile mpaka mpwa wangu akasema, “Mjomba, hii mara ya sita. Watu watadhani tunapeleleza nyumba zao.” Ya saba nilikuwa nimehamia mbele, kiganja kiko chini ya kitasa cha mlango wa abiria. Kimya. Nikaachia. Tetetete.

Kava la mlango halifunguliwi asubuhi ya baridi, plastiki ikiwa kavu kama biskuti. Niliacha mlango upigwe na jua kwanza. Nikafungua skrubu ya nyuma ya kitasa na ya sehemu ya kuwekea mkono, nikaingiza mpini wa mwiko wa mbao pembeni. Bisibisi ya chuma huacha kovu lisilofutika. Klipu zikaachia moja moja: tok, tok. Nikangoja nyingine. Hazikuwepo. Matundu yalikuwa tisa, klipu tano.

Mbele yangu kulikuwa na maandishi ya mtu nisiyemjua. Aliwahi kubadilisha mota ya kioo, akachana nailoni inayozuia maji, akavunja klipu nne na kuziacha zilale chini, ndani ya mlango. Ule ufito mwembamba unaokwenda kwenye komeo ulikuwa umevuka mahali pake, unagusa bati. Nikauchezesha kwa kidole. Sauti ileile.

Nilikuwa na kipande cha blanketi tayari, nikakirudisha mfukoni. Ndani ya mlango huingia maji ya mvua kupitia pembeni mwa kioo, yakatokea kwenye matundu ya chini. Blanketi lingeyanywa na kuozesha bati. Kandambili hainywi maji. Nikakata kipande kwenye kandambili iliyokatika mkanda, nikakitoboa kwa msumari wa moto, nikakipasua ubavuni na kuuvisha ule ufito. Blanketi likapata kazi upande mkavu, nyuma ya kava. Klipu nne nilizipata Ilala, kwenye duka la spea lenye upana wa mlango, muuzaji akinishangaa kwa kutaka za rangi ileile.

Sasa mpwa wangu anapita rasta bila kuambiwa, makusudi, na hakuna kinachojibu. Nanyi mafundi mnaobadilisha mota za vioo: ile nailoni irudisheni, na klipu zote tisa.