Mashine Inapowaka Baada ya Umeme Kukatika: Uhakiki wa Hoja ya Poettering kuhusu Kasi

Makala ya Lennart Poettering ya Aprili 2010, iliyotambulisha systemd, kwa kawaida husomwa kama waraka wa kiufundi. Uhakiki huu unaisoma kama hoja na kuiuliza swali moja: kasi inayodaiwa humo huanza kuhesabiwa wapi, na huishia wapi?

Hoja yenyewe inaeleweka kwa urahisi. Katika utaratibu wa zamani wa init, skripti zilitekelezwa moja baada ya nyingine, kila huduma ikingoja iliyotangulia. Poettering anataka huduma chache zianzishwe, na hizo chache zianze kwa pamoja. Ushahidi wake unavutia kwa udogo wake: alipoingia katika mashine yake ya Linux, programu ya kupokea amri ilipewa namba ya mchakato 1823, katika Mac OS X ilipewa 154. Suluhisho lake ni kufungua soketi zote mapema, ili ombi la mteja lingoje ndani ya kiini cha mfumo hadi huduma iwe tayari. Ni sawa na mgahawa unaopokea oda chai ikiwa bado jikoni.

Miaka miwili kabla yake, Arjan van de Ven na Auke Kok wa Intel walikuwa wameiwasha Eee PC ya Asus kwa sekunde 5: moja ya kiini, moja ya hatua za awali, moja ya mfumo wa madirisha, mbili za eneokazi. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, vipimo vya namna hii huchukulia kwamba mashine ilizimwa vizuri na mwenyewe.

Katika pwani ya Lindi dhana hiyo haisimami. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, ilianza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam mwaka 2004, ilhali mikoa ya Lindi na Mtwara ilibaki nje ya gridi ya taifa kwa miaka mingi, ikitegemea mitambo yake midogo. (Kejeli hii inastahili tasnifu yake.) Umeme ukikatika ghafla, mfumo unaporudi hulazimika kwanza kukagua diski. Daftari la ext3, lililoingia katika kiini cha Linux mwaka 2001, lilipunguza sana muda wa ukaguzi huo, lakini hulinda zaidi mpangilio wa faili kuliko yaliyomo. Hifadhidata bado hulazimika kujirekebisha yenyewe.

Poettering hakulisahau suala la diski. Anapendekeza saraka kama /home zitegwe, huduma nyingine ziendelee kuanza wakati ukaguzi unafanyika. Kisha anakiri, kwa sentensi moja ya kupita, kwamba mbinu hiyo haifai kwa saraka kuu, kwa kuwa programu zenyewe za huduma huhifadhiwa humo. Kwa maoni yangu, sentensi hiyo ndiyo iliyopaswa kuwa kiini cha makala. Kompyuta ya ofisi ndogo yenye diski moja isiyogawanywa ina kila kitu ndani ya saraka kuu. Faida ya ulinganifu inapungua palepale inapohitajika zaidi.

Upande wa mwisho wa kipimo nao una utata. Soketi ikiwa wazi, huduma huonekana ipo, ingawa karani anayetafuta jalada la mgonjwa bado anangoja hifadhidata ijirekebishe. Mtandao vilevile: systemd-networkd-wait-online hungoja hadi sekunde 120 kwa kawaida, lakini inachongoja ni kiungo na anwani, si intaneti. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika, mashine iliyopewa anwani na ruta ya chumbani ingejitangaza kuwa mtandaoni bila kuweza kufika popote nje ya nchi.

Kiswahili kina kuwaka na kuwa tayari, navyo ni vitenzi viwili tofauti. Grafu za kuwaka hupima cha kwanza. Kipimo cha Kilwa kingeanza umeme unaporudi, na kukoma jalada la kwanza linapofunguka likiwa zima.