Haki ya Kusikilizwa: Kusoma "Kusadikika" Upya tukiwa Sekenke

Utangulizi

Kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho "Kusadikika", kilichotoka mwaka 1951, kimesomwa shuleni na vizazi vingi, na wengi wetu tulikutana nacho kwanza kama kitabu cha mtihani. Tulifundishwa kwamba nchi ile iliyo angani ni mfano wa Tanganyika chini ya Mwingereza. Usomaji huo si wa uongo, lakini una hatari moja: humfanya msomaji adhani kwamba kesi inayosimuliwa humo ilikwisha mwezi Desemba 1961. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba "Kusadikika" ni jaribio la kuuliza sheria ya nchi yapaswa kuanzia wapi. Jaribio hilo lina nguvu kubwa mahali pamoja na upungufu mkubwa mahali pengine, na yote mawili yanamhusu mchungaji.

Kesi ya Karama

Msomaji atakumbuka kwamba Karama anafikishwa barazani kwa kosa la kufundisha uanasheria, na mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Badala ya kuomba huruma, Karama anaomba kusikilizwa. Kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na Kusadikika kutafuta mambo ya kuifaa nchi: wengine walikwenda pande mbalimbali za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Kila mjumbe aliteseka njiani, akarudi na maarifa, na ujira wake ukawa kifungo. Mwisho mfalme anamwachia Karama huru, na wale wafungwa pia wanafunguliwa.

Yatupasa kuona jambo ambalo mara nyingi hupitwa. Haki ya kwanza anayoidai Karama si shamba, wala mshahara, wala cheo. Anadai masikio ya baraza. Mema yote ambayo wajumbe walikuwa wameyaleta yalipotea kwa sababu hiyo moja ilikosekana. Hata umbo la kitabu linafuata dai hilo, kwa kuwa hadithi nzima ni kikao cha kusikiliza, na Majivuno, atake asitake, analazimika kukaa na kusikia. Hili si geni kwa msomaji wa Biblia. Katika Yohana 7:51 Nikodemo, akiwa peke yake kati ya wakubwa, aliuliza kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia. Kwa swali hilo alitukanwa, kama alivyochukiwa Karama.

Katika "Kufikirika", kilichochapishwa baada ya kifo cha mwandishi, wazo hilo linaonekana kwa upande wake wa kutisha. Humo wataalamu wanashauri mjinga na mwerevu watolewe kafara. Nani asiyesikia humo hesabu ya Kayafa, kwamba yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu? Nchi isiyosikiliza haikosi mtu wa kutoa kafara.

Dhahabu ya Sekenke

Tulikisoma kitabu hiki upya tukiwa Sekenke, katika Unyiramba, ambako barabara ya Singida na Nzega hushuka mlima. Mahali hapa palitusaidia kukielewa. Dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa chini ya Wajerumani mwaka 1909, mwaka uleule aliozaliwa Shaaban Robert. Mwaka 1916, vita vilipoikatia koloni njia za bahari, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora ikafuliwa sarafu za rupia 15, zenye picha ya tembo upande mmoja na tai wa Dola ya Ujerumani upande wa pili. Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji waliuteka mji wa Tabora. Sarafu zilikuwa bado mpya, na nchi iliyotajwa juu yake imekwisha kutoweka mahali zilipofuliwa.

Basi, tusiseme kwamba nchi za kubuni ni za watunzi wa hadithi tu. Afrika ya Mashariki ya Kijerumani nayo ilibuniwa mezani: mipaka yake, sheria zake, fedha yake. Tofauti ni kwamba katika nchi ya Shaaban Robert mshtakiwa alipewa siku sita za kusema, na katika ile ya sarafu hakuna aliyemwuliza Mnyiramba dhahabu ile iende wapi.

Hata baada ya Uhuru swali halikwisha. Wachimbaji wadogo wanaoingia mashimoni leo wanatawaliwa na sheria ya madini, na kwa miaka mingi sheria za nchi yetu ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu Kiswahili kilipofanywa kwa sheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Miaka 70 kabla yake, Karama alikwisha kushtakiwa kwa kutaka watu waifahamu sheria. Mtu asiyeweza kuisoma sheria inayomhukumu hana njia ya kujibu, hata akipewa nafasi ya kusema.

Upungufu wa kitabu

Pamoja na sifa hizo, hatuna budi kusema wazi kwamba nchi aliyoiunda Shaaban Robert haijakamilika. Kwanza, majina ya wahusika wake ni majina ya tabia. Adui ni Majivuno, na shujaa ni Karama. Hivyo ubaya wa nchi unakuwa ubaya wa moyo wa mtu, na msomaji anaweza kudhani kwamba akiondoka Majivuno mambo yatanyooka. Pili, wokovu wote unatoka kinywani mwa mfalme. Amesikia, amependezwa, ameamuru. Je, kama asingependezwa?

Hapa Maandiko yanakwenda mbali zaidi. Kumbukumbu la Torati 17 linaweka sheria ya ufalme kwa taifa ambalo bado halijavuka Yordani wala halina mfalme. Mfalme huyo ajaye anakatazwa kujizidishia farasi, wake, fedha na dhahabu, naye anaagizwa ajiandikie nakala ya torati na kuisoma siku zote za maisha yake, moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Yaani torati haikungoja mfalme mwema. Luther naye, katika andiko lake la mwaka 1523 juu ya mamlaka ya dunia, hakutarajia kwamba wakuu wenye hekima watakuwa wengi. Sheria yapasa kutungwa kwa ajili ya siku ambayo Majivuno ndiye atakayeketi kitini.

Kwa haki, tukumbuke kwamba mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na asingeweza kuandika waziwazi kwamba mfalme naye ashtakiwe. Lakini sisi hatuna udhuru huo. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na mwaka 2014 Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa, ambayo kura yake ya maoni iliahirishwa mwaka 2015. Mjadala huo unahitaji wasomaji wa Kumbukumbu 17.

Hitimisho

Ni rahisi kwa wachungaji kujihesabu miongoni mwa wale wajumbe sita. Lakini tukiri jambo moja. Katika usharika mmoja tuliowahi kuutumikia, binti mmoja alitengwa na Meza ya Bwana kwa uamuzi wa kikao ambacho yeye hakuitwa. Nasi tulikuwamo, tukanyamaza, tukaandika jina lake kitabuni. Siku ile hatukuwa Karama wala Nikodemo. Tulikuwa baraza la Kusadikika kabla ya kesi kusikilizwa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba "Kusadikika" kisomwe katika vyuo vyetu pamoja na Kumbukumbu la Torati, na kwamba swali la Nikodemo liulizwe katika kila kikao cha usharika kabla jina la mtu halijaandikwa. Kanisa likitaka kuishauri nchi juu ya haki ya kusikilizwa, lianze kwa kuwaita wale liliowahukumu bila kuwasikia.